Doa Jeusi Kabla ya Daraja

Siku ya tisa ya mvua, Mama Pacha aliingia kazini amevaa viatu viwili visivyofanana, na hakuna aliyemwambia. Mlinzi mlangoni alimwona, akaamua kunyamaza, maana yeye mwenyewe alikuwa amevaa koti la mke wake.

Ofisi ya ramani ilikuwa ghorofa ya tatu. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, baada ya choo kilichofungwa kwa waya. Ndani mlikuwa na meza nne na mtu mmoja. Wa meza ya kwanza alikuwa amestaafu, wa pili alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na wa tatu alikuwa amepelekwa semina, nayo semina yenyewe ilikuwa na uzazi wa ajabu: kila ikikaribia kwisha, inazaa nyingine. Kwa hiyo mawingu yote ya nchi yalikuwa yameachiwa Mama Pacha.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Setilaiti hupita juu kila baada ya siku tano, saa nne na nusu asubuhi, na kuipiga nchi picha. Picha hufika ofisini imekatwa vipande vipande, kama vigae vya sakafu. Kabla mtu hajaitumia kupima msitu au mto, lazima ajue ni wapi anaona ardhi na ni wapi anaona wingu tu. Kompyuta huanza kupaka rangi: nyeupe kwa wingu, kijivu kwa kivuli cha wingu, buluu kwa maji, na penye uwazi hupaacha hivyo hivyo. Halafu Mama Pacha huipitia kazi ya kompyuta, kijisanduku kwa kijisanduku, kwa sababu kompyuta hukosea. Ikiona mabati mapya ya shule, inasema wingu. Ikiona shamba lililochomwa, inasema kivuli. Na vivuli na maji ndivyo vilivyoishinda kabisa, maana vyote viwili ni vyeusi vikiangaliwa kutoka juu.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Mwaka uliopita daktari wa macho alimwambia ayapumzishe macho kwa kutazama mbali. Alipouliza mbali kiasi gani, akajibiwa, "Hata mawinguni tu, mama." Alicheka mpaka daktari akadhani amekosea kumpima.

Asubuhi hiyo hakuwa na cha kuchekea. Alikuwa amelala saa nne kwa siku, siku tisa mfululizo. Mapacha wake walikuwa na surua, wakipokezana homa kama watu wa zamu, na mama mkwe wake, ingawa alisaidia sana, alikuwa na desturi ya kumwamsha kumweleza kwamba watoto wamelala.

Saa tano Mkuu wa idara akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata wakati umeme umekatika, na simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Daraja la bondeni," alisema. "Lipo au halipo?"

Mama Pacha alijua anauliza nini. Bonde la mto mkubwa lilikuwa limetengwa na dunia tangu juzi. Minara ya simu ilikuwa imezima. Malori saba yenye unga, mahema na dawa yalikuwa yamesimama njia panda yakingoja kuambiwa pa kupita. Njia ya daraja ilikuwa ya lami, saa nne tu. Njia ya mlimani ilikuwa ya udongo, siku nzima wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua hakuna aliyetaka kuihesabu. Alijua yote hayo kwa sababu lori la tatu kwenye msafara lilikuwa likiendeshwa na mumewe, Baba Pacha.

"Picha ya leo kompyuta imeitupa, Mkuu. Mawingu asilimia tisini na moja."

"Mimi sikuiuliza kompyuta. Nimekuuliza wewe."

Akaitoa picha kwenye takataka za kompyuta, akaanza. Kioo chote kilikuwa cheupe kama maziwa yaliyomwagika. Alitafuta matundu. Moja lilionyesha kipande cha msitu, jingine kona ya ziwa. Saa nane na nusu, mgongo ukimwaka moto, akapata tundu dogo, refu kuliko upana wake, na ndani yake mstari mwembamba uliokata mto.

"Daraja hili hapa," alisema. "Limesimama."

Mkuu, aliyekuwa ameondoka na kurudi mara sita, akainama juu ya bega lake. "Asante Mungu. Basi waende."

"Ngoja kwanza."

Upande wa huku wa mto, kabla ya kufika darajani, doa jeusi lilikuwa limeifunika barabara. Urefu wake ulikuwa kama kilomita moja. Lami ilifika kwenye doa ikapotea, ikatokea tena upande wa pili. Kompyuta ilikuwa imelipaka kijivu: kivuli.

Mama Pacha alilitazama. Makosa ya namna hiyo alikuwa ameyasahihisha karibu mara mia. Kompyuta inasema kivuli, kumbe ni mto umepanda ukingo. Hata hivyo kulikuwa na njia ya kuhakikisha. Saa nne na nusu jua bado liko mashariki, kwa hiyo kivuli huanguka magharibi ya wingu lake. Unalifuata doa kuelekea mashariki mpaka ulikute wingu lililolizaa. Ukilikuta, ni kivuli. Usipolikuta, ni maji.

Akasogea mashariki. Uwazi. Akasogea tena. Uwazi, kipande cha shamba, halafu picha ikaisha. Kigae kilikuwa kimefika ukingoni.

Kigae cha jirani nacho kilikuwa kimetupwa na kompyuta, tena hicho hakikuwa kimeshushwa kabisa. Kukishusha, kwa mtandao wa siku za mvua, kungechukua dakika arobaini.

"Anaangalia," Mkuu alikuwa akisema kwenye simu. "Ndiyo, mheshimiwa. Anaangalia sasa hivi, niko naye hapa." Akaziba simu kwa kiganja. "Mama Pacha, wananing'ang'ania. Malori yakingoja zaidi, giza litayakuta njiani. Niambie neno moja tu."

Alifumba macho kidogo. Nyuma ya kope aliona weupe uleule. Alifikiria lori la tatu likiingia kwenye maji, usukani ukilegea mikononi mwa mumewe. Akafumbua.

"Maji," alisema, na akalipaka doa buluu.

Saa kumi na moja jioni simu yake ililia. Alikuwa akimpangusa pacha mmoja kwa kitambaa cha maji.

"Tumegeuzwa," Baba Pacha alisema. Nyuma yake injini zilinguruma. "Tunapanda mlima. Hivi huyo mtu wenu wa mawingu ni nani, nimtumie salamu zake?"

"Ni mimi."

Injini zikaendelea.

"Basi msalimie," alisema. "Watoto?"

"Mmoja ameshuka homa. Mwingine amempokea."

"Na wewe?"

"Nimezunguka siku nzima na viatu viwili vya watu wawili. Wanao ndio wameniambia."

Akacheka, simu ikakatika. Njia ya mlimani haikuwa na mtandao, kwa hiyo hakutegemea kumsikia tena siku hiyo. Wala hakumsikia kesho yake. Alimsikia siku ya tatu, kwa simu ya kuazima, alipoteremka mpaka penye mtandao, sauti imekauka.

Dereva wa lori la mbele alikuwa Mzee Taratibu, mtu wa miaka sitini ambaye wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuzidisha mwendo hata akikimbizwa. Siku ya pili, kwenye kona ya juu, udongo ulimeguka chini ya magurudumu ya nyuma. Lori liliteleza taratibu, Baba Pacha alisema, taratibu kabisa, kama mwenyewe ndiye anayelipaki, likalalia ubavu. Mguu wa mzee ulibanwa mlangoni. Walitumia nusu siku kumtoa na siku nzima kulisogeza lori ili mengine yapite. Mzee walimteremsha kwa machela hadi kwenye gari la hospitali, akiwaelekeza njia nzima jinsi ya kulifunga turubai.

Msafara ulifika bondeni siku ya nne.

Siku ya tano Mkuu aliingia chumba cha mwisho, na safari hii alifunga mlango. Hakuwa na simu sikioni. Alivuta kiti cha yule wa semina, akakaa.

"Kuna mtu mwenye pikipiki," alisema. "Alitoka bondeni kutafuta petroli. Amepita darajani akaja mpaka njia panda. Askari wa barabarani wakamuuliza ameyapita vipi maji."

Mama Pacha aliweka kipanya chini.

"Akawauliza, maji gani?"

"Alipita lini?"

"Siku ileile. Saa saba mchana. Barabara ilikuwa na unyevu tu wa mvua. Habari ndiyo imetufikia leo."

Mkuu alipoondoka, Mama Pacha alikishusha kigae cha jirani. Dakika arobaini alizikaa bila kufanya lolote, mikono mapajani, akitazama namba zikipanda. Picha ilipofunguka aliliona mara moja. Lilikuwa wingu la mvua kubwa, refu kwenda juu kama mnara, limesimama peke yake kwenye ukingo wa magharibi wa kigae. Upande mmoja lilikuwa na pengo kama mkate ulioumwa. Alilikata, akalivuta magharibi kwa kipimo cha jua la asubuhi, akaliweka juu ya doa. Pengo liliingia kwenye pengo. Halikubaki hata kijisanduku kimoja cha kubishania.

Kompyuta ilikuwa imepatia.

Hakulia. Alihisi uchovu tu, kama mtu aliyebeba gunia akaambiwa nyumba aliyoipita ndiyo iliyokuwa yenyewe.

Kesho yake Mkuu alimwita ofisini kwake. Ripoti ya msafara ilihitaji ukurasa mmoja kutoka idara yao.

"Andika kwamba picha haikufaa kutokana na mawingu," alisema. "Asilimia tisini na moja. Huo si uongo."

"Si uongo. Ila mimi niliiona, nikasema maji."

"Ulisema kwa mdomo. Mdomo hauna faili."

"Ramani ya buluu ninayo kwenye kompyuta, Mkuu."

"Futa." Alisema polepole, bila ukali, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya Mama Pacha. "Mimi nakulinda wewe. Unadhani wakisoma hivyo wataniuliza mimi tu? Una watoto wawili wagonjwa. Mtu akikosea baada ya siku tisa bila kulala, makosa ni ya siku tisa."

Aliyaelewa maneno hayo, na sehemu yake moja iliyataka. Alirudi mezani, akaandika sentensi ile ya asilimia tisini na moja. Aliisoma. Halafu akafungua ripoti iliyotoka bondeni, iliyokuwa imetumwa kwa kila idara.

Mtabibu wa zahanati alikuwa ameandika kwa mkono, ikapigwa picha. Dripu ziliisha siku moja kabla ya malori kufika. Wagonjwa wawili wa kuhara walifariki siku hiyo, mama mmoja na mzee mmoja. Chini yake alikuwa ameongeza: "Siwezi kusema kama wangepona dawa zingewahi. Walifika kwangu wakiwa na hali mbaya sana."

Mama Pacha aliisoma mistari hiyo mara nyingi. Kisha akafuta sentensi yake, akaandika ukurasa mwingine. Alieleza doa, kigae kilichoishia njiani, dakika arobaini ambazo hakuzingoja. Aliambatanisha picha zote mbili na wingu lenye pengo. Hakutaja siku tisa wala surua. Akamtumia Mkuu, na nakala kwa kamati ya maafa, akazima kompyuta kabla hajabadili mawazo.

Nyumbani mama mkwe wake alimtazama akiingia, akamwekea chakula mbele.

"Umefukuzwa?"

"Bado, mama."

"Basi kula. Hata ukifukuzwa utataka nguvu za kubeba vitu."

Baba Pacha alirudi siku ya nane, matope mpaka kwenye nyusi. Alioga, akalala saa kumi na nne, na alipoamka alisema, "Twende tukamwone mzee."

"Anajua?"

"Nilimpitia hospitali nikamwambia mwenyewe. Sikutaka asikie kwa watu."

Wodi ya mifupa ilikuwa na vitanda ishirini na madirisha mawili. Mzee Taratibu alilala karibu na mlango, mguu umening'inizwa kwa uzito wa mfuko wa mchanga. Alikuwa amekonda. Aliwapa mkono wote wawili, akauweka ule wa Mama Pacha mkononi mwake kwa muda mrefu, akiukagua.

"Wewe ndiye uliyeona mto juu ya lami?"

"Ndimi, mzee. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi nitaifikiria." Aliuachia mkono. "Daktari anasema kuendesha tena, basi. Miaka thelathini na nne sijagonga hata kuku. Leo nimelala hapa, nageuzwa na watoto wadogo kama chapati."

Baba Pacha alitazama sakafu. Mama Pacha hakutazama sakafu.

"Hebu nieleze," mzee alisema. "Uliliona, au ulikuwa umechoka?"

"Niliona kitu cheusi. Na nilikuwa nimechoka."

"Ulikuwa na hakika ni maji?"

Alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, maana mtu aliyekuwa na hakika akakosea ana nafuu kidogo. "Hapana," alisema.

"Ungesema hujui, wangekukata shingo?"

"Hapana."

"Basi?"

"Mkuu alitaka neno moja."

Mzee Taratibu aliunyoosha mkono wake kurekebisha shuka, akashindwa kuifikia, na Mama Pacha akaivuta kwa niaba yake.

"Sijui," mzee alisema. "Hilo nalo ni neno moja, mwanangu."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Walikaa mpaka kengele ya wageni ilipolia. Mzee alimuuliza Baba Pacha habari za lori lake, kama turubai limepona, nani amepewa funguo. Walipoaga, alimpa Mama Pacha mkono tena, lakini neno la msamaha hakulitoa, naye hakulidai. Aliendelea kumtembelea kila Jumamosi, mwanzoni kwa deni la moyo, baadaye kwa mazoea. Mwezi wa pili mzee alianza kumtuma magazeti na kumlalamikia kwamba amechelewa.

Barua za onyo zilikuja wiki ya tatu. Moja ilikuwa yake, na nyingine, ndefu zaidi, ya Mkuu. Kwa mwezi mzima Mkuu alimsalimia kwa kichwa tu. Kamati ya maafa iliita kikao, ikauliza idara inahitaji nini ili jambo hilo lisijirudie. Wakubwa walitaja kompyuta mpya na mafunzo. Mama Pacha, aliyekuwa ameketi nyuma, akanyoosha mkono.

"Rangi ya tano," alisema. "Tuna nyeupe, kijivu, buluu na uwazi. Hatuna rangi ya mahali ambapo mtu ameangalia akashindwa kujua. Kwa hiyo lazima adanganye, hata asipotaka."

"Watu wanataka ramani," Mkuu alisema mbele ya wote. "Hawataki maungamo."

Kikao kikacheka. Lakini mtu mmoja wa kamati aliliandika lile jambo, na baada ya miezi mitatu ya barua za kwenda na kurudi, rangi ikaruhusiwa. Walichagua njano. Yule wa semina alirudi hatimaye, akaona njano kwenye kompyuta, akauliza ni ugonjwa gani.

Mvua za pili zilipokuja hazikuwa kali kama za kwanza, ila zilitosha. Asubuhi moja Mkuu aliingia, safari hii amebisha hodi. Malori manne yalikuwa yakingoja kwenda upande wa kaskazini, ambako kijito kilivuka barabara mahali penye tambarare.

Mama Pacha aliangalia. Alishusha kigae na vigae viwili vya jirani. Alifuata kila doa mpaka kwenye wingu lake. Alipofika kwenye kijito, wingu jembamba lilikuwa limepalalia palepale, kama pazia, na chini yake hakikuonekana cheusi wala cheupe. Alilipaka njano.

"Nini hiyo?" Mkuu aliuliza, ingawa alijua.

"Sijui, Mkuu."

"Wananisubiri kwenye simu."

"Waambie sijui. Waambie watume mtu mwenye pikipiki akaangalie. Ni saa moja kwenda."

Mkuu alisimama pale, simu mkononi, akaitazama njano kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Mama Pacha aliingoja hasira yake. Alikuwa amechoka pia, siku hiyo kama siku nyingine. Mapacha walikuwa wamepona surua wakaanza kung'oa meno. Lakini hakuongeza neno.

"Ofisi ya ramani haijui," Mkuu alisema hatimaye kwenye simu. "Ndiyo. Umenisikia. Haijui. Tumeni pikipiki."

Pikipiki iliondoka saa saba na kurudi saa tisa na robo. Barabara ilikuwa nzima. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Malori yakaondoka saa tisa na nusu, yakafika kabla ya giza. Hakuna aliyemshukuru Mama Pacha, maana hapakuwa na cha kushukuru. Alikuwa ameshindwa kuona, akasema hivyo, basi.

Alishuka ngazi akanunua mahindi ya kuchoma kwa mama aliyekaa chini ya mwavuli nje ya lango, akayala amesimama, akitazama watu wakiruka madimbwi.